Thierry Escaich, mpiga kinanda wa Notre-Dame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tarehe 7 Desemba 2024 wanakwaya wengi tulikaa mbele ya simu na televisheni tukitazama milango ya kanisa kuu la Notre-Dame de Paris ikifunguliwa tena baada ya moto. Wengine walikuwa na hamu ya kuona paa na mnara. Sisi wapiga kinanda tulitaka kujua jambo moja: ni nani wale wanne walioketi kule juu? Mmoja wao ni Thierry Escaich, na tangu siku ile nimeulizwa habari zake kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye makundi ya WhatsApp, hata nje ya kanisa baada ya misa. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia na kuyajibu kadiri ninavyoipenda kazi yake, yaani sana.

Escaich ni nani hasa?

Ni Mfaransa, mpiga kinanda cha mabomba na mtunzi wa muziki, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1965 huko Nogent-sur-Marne, mji ulio pembeni tu mwa Paris upande wa mashariki. Ametunga kazi zaidi ya mia moja: za kinanda peke yake, za kwaya, za okestra, za ala chache chache, na opera. Tangu 1992 anafundisha Conservatoire ya Paris, chuo kilekile alichosomea. Mwaka 2013 alichaguliwa kuingia Académie des beaux-arts, baraza la heshima la wasanii wa Ufaransa, na tuzo ya mtunzi bora wa mwaka katika Victoires de la musique ameipata mara nne: 2003, 2006, 2011 na 2017. Aprili 2024 akateuliwa Notre-Dame.

Jina lake linatamkwaje?

"Tieri Eskesh." Ile "ch" ya mwisho ni "sh" yetu.

Ni padri? Ni mtawa?

Hapana, ni mlei. Swali hili linatokana na mazoea yetu ya kuona muziki wa kanisa ukiongozwa na mapadri na masista waliosomea. Ufaransa mpiga kinanda wa kanisa kubwa kwa kawaida ni mwanamuziki aliyehitimu chuo cha muziki, akashindana na wenzake, akapewa nafasi. Wenyewe humwita titulaire, nami hapa nitamwita mwenye kinanda, kwa sababu ndivyo inavyokuwa: kinanda kile ni dhamana yake, mara nyingi mpaka uzee. Mtunzi Widor alikaa kanisa la Saint-Sulpice miaka 64. Mtunzi Messiaen alikaa kanisa la La Trinité kuanzia 1931 hadi alipofariki 1992.

Alianzaje muziki?

Kwa kodiani. Nalipenda jibu hili kuliko yote. Kabla ya kuwa mtu wa makanisa makubwa alikuwa mtoto aliyebeba kodiani kifuani, akapiga na piano pia. Ukifikiri vizuri, kodiani ni kinanda cha mabomba kilichopunguzwa kikawa cha kubebwa: kuna upepo, kuna viriba, kuna vibao vya kubonyeza, na sauti haifi mpaka upepo ukatike. Tofauti ni kwamba hapa mkono wa mpigaji ndio mapafu.

Kodiani ya Ufaransa ni ala ya dansi, na dansi haijawahi kumtoka Escaich. Ametunga *Tango virtuose* kwa saksofoni nne, na *Tanz-Fantasie* kwa tarumbeta na kinanda. Hata kazi zake za kanisani zina mguu unaotikisika chini ya kanzu. Mapigo yanakazana, yanarudi, yanavunjwa ghafla, yanarudi tena. Mtu aliyekulia kwenye ngoma atamwelewa haraka kuliko anavyodhani.

Kinanda cha mabomba kina tofauti gani na kinanda cha kwaya yetu?

Kile cha kwaya zetu nyingi ni kibodi ya umeme. Unachagua sauti, spika inaitoa. Kinanda cha mabomba hakina spika. Kila sauti inatoka kwenye bomba lake, la madini au la mbao, linalopulizwa na upepo kama filimbi. Ukibonyeza kibao, mlango mdogo unafunguka chini ya bomba na upepo unaingia. Ukiachia, unafungwa. Bomba refu hutoa sauti nene, bomba fupi sauti nyembamba. Yale marefu kabisa ya Notre-Dame yanakaribia mita 10, na noti zake za chini kabisa huzihisi kwenye benchi ulilokalia kabla hujazisikia masikioni.

Mabomba hupangwa kwa makundi yanayoitwa rejista, kila kundi na rangi yake: la filimbi laini, la tarumbeta, la sauti inayofanana na ya mtu. Mpigaji huvuta vishikio kuamua makundi gani yasikike. Mbele yake kuna safu kadhaa za vibao vya mikono, moja juu ya nyingine, na chini safu ya vibao vya miguu. Kwa hiyo anafikiri kwa mikono na miguu, huku akichanganya rangi kama mchoraji. Huku kwetu vinanda vya namna hii ni vichache. All Saints' Cathedral ya Nairobi wanacho kimoja, na aliye karibu asikose kukisikiliza, kwa maana hakuna rekodi inayoweza kukuonyesha hewa ya jengo zima ikitikisika.

Kinanda cha Notre-Dame kiliungua?

Hakikuungua. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza paa na kuangusha mnara, lakini kinanda kikuu kiko upande wa magharibi, chini ya dirisha kubwa la duara, kati ya minara miwili ya mawe. Shida ilikuwa vumbi. Paa lilikuwa limeezekwa kwa madini ya risasi, na madini yale yalipoyeyuka, vumbi lake la sumu lilitanda kila mahali na kuingia ndani ya kinanda.

Basi mwaka 2020 kikafunguliwa kipande kwa kipande, karibu mabomba 8,000, yakapelekwa kwenye karakana za mafundi yakasafishwa. Mwaka 2023 kikaanza kurudishwa. Kisha ikaja kazi ambayo wengi hawaijui: kila bomba lilisikilizwa na kurekebishwa moja moja mpaka likubaliane na wenzake na jengo. Kazi hiyo ilifanyika sana usiku, maana mchana kanisa lilikuwa na kelele za waashi na maseremala. Hebu fikiria: fundi mmoja juu kati ya mabomba, mwenzake chini kwenye vibao akibonyeza noti ileile mara kumi, na kanisa lote giza.

Kina safu tano za vibao vya mikono na rejista 115. Moyo wake ni kazi ya fundi Aristide Cavaillé-Coll, aliyekimaliza mwaka 1868, ingawa ndani yake kuna mabomba ya kale zaidi na mitambo ya karne yetu. Kwa sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na serikali, kanisa kuu hilo ni mali ya Serikali ya Ufaransa, kinanda kikiwemo.

Nini kilitokea siku ya ufunguzi?

Askofu mkuu Laurent Ulrich alisimama chini, akakielekea kinanda, akakiita kiamke. Alikiita mara nane, na mara nane kinanda kikajibu. Majibu yale hayakuwa yameandikwa kwenye karatasi. Olivier Latry, Vincent Dubois, Thierry Escaich na kijana Thibault Fajoles walipokezana, kila mmoja akibuni jibu lake papo hapo.

Wapo walioshtuka. Walitarajia wimbo mtamu wa shangwe, wakasikia ngurumo, sauti zinazogongana, kimya, kisha mwanga mwembamba juu kabisa. Nimebishana na watu juu ya jambo hili na bado nasimama palepale: kitu kilicholala miaka mitano kwenye majivu hakiamki kikiimba. Kwanza kinakoroma, kinajinyoosha, kinatafuta pumzi. Wale wanne walilijua hilo, wakatusikilizisha.

Kubuni papo hapo maana yake nini, na kwa nini Wafaransa wanakuthamini hivyo?

Kila mpiga kinanda wa parokia anajua kubuni, ila hajakupa jina kubuni huko. Padri bado anafukiza altare, wimbo umekwisha beti zote, kwaya imekaa. Unafanya nini? Unaendelea. Unachukua kipande cha wimbo uliokwisha, unakizungusha, unasubiri padri ageuke. Sisi tunaita kujaza nafasi. Wafaransa wamekaa na nafasi hiyohiyo kwa karne nyingi wakaifanya kuwa sanaa kamili, yenye mitihani, mashindano na walimu wake.

Liturujia yao iliwalazimisha. Tangu zamani kinanda kilipokezana na waimbaji: aya moja inaimbwa, inayofuata inapigwa na kinanda bila maneno. Mpigaji alipaswa kuibuni hapohapo kutokana na wimbo wa Kigregoriani, yaani wimbo wa kale wa Kilatini wa kanisa, uliotangulia. César Franck, Marcel Dupré, Pierre Cochereau wa Notre-Dame, wote walijulikana kwa hili sawa na kwa maandishi yao. Katika matamasha wasikilizaji huandika kiini cha wimbo kwenye karatasi, mpigaji akikiona kwa mara ya kwanza mbele yao, na kutokana na noti chache zile anajenga fugi, ambamo sauti zinafuatana na kuigana, au simfonia nzima.

Escaich ni bingwa wa kazi hii na ndiyo anayoifundisha. Jambo la kumfahamia ni kwamba kwake kubuni na kutunga si kazi mbili. Anachokipata vidoleni Jumapili kinaweza kuonekana baadaye kwenye karatasi ya okestra. Ukisikiliza kazi zake zilizoandikwa, unahisi bado zinaamuliwa sasa hivi, kama mtu anayefikiri kwa sauti. Hapo ndipo penye siri yake, na kwa maoni yangu ndipo wapiga kinanda wetu wana la kujifunza kwake kuliko popote.

Kabla ya Notre-Dame alikuwa wapi?

Saint-Étienne-du-Mont, kanisa la Mtakatifu Stefano lililo juu ya kilima cha Mtakatifu Genoveva mjini Paris, jirani na Panthéon, jengo ambamo Ufaransa huwaenzi watu wake wakubwa waliofariki. Alikaa hapo tangu katikati ya miaka ya 1990, akigawana kinanda na Vincent Warnier. Kabati la mbao la kinanda kile ni la miaka ya 1630, lenye kuchongwa kwa ufundi wa kushangaza.

Kiti kile kilikuwa cha Maurice Duruflé, mtunzi wa *Requiem* ya 1947 na wa *Ubi caritas* ambayo kwaya nyingi duniani zinaiimba Alhamisi Kuu. Duruflé aliandika kidogo sana, akifuta na kurekebisha maisha yake yote, na karibu kila alichoandika kilichipuka kwenye Kigregoriani. Mwaka 1975 ajali ya gari ilimvunja asiweze kupiga tena. Mkewe Marie-Madeleine, naye mpigaji hodari, akaendelea kukishika kinanda. Duruflé alifariki 1986.

Kuna uzi mwingine unaounganisha makanisa haya mawili. Duruflé alipokuwa kijana alimsaidia Louis Vierne, mwenye kinanda wa Notre-Dame, aliyezaliwa karibu kipofu. Tarehe 2 Juni 1937 Vierne alikuwa akipiga tamasha Notre-Dame, Duruflé kasimama kando yake. Akiwa anajiandaa kubuni, Vierne aliishiwa nguvu, mguu wake ukaangukia kibao cha chini na noti moja nene ikabaki inalia kanisani. Alifia hapo. Escaich amekaa kwenye kiti cha Duruflé, na sasa anakaa kwenye kile cha Vierne.

Notre-Dame wanagawanaje kazi?

Kwa zamu. Latry yuko hapo tangu 1985, alipoteuliwa akiwa na miaka 23 tu. Dubois aliingia 2016. Escaich na Fajoles waliteuliwa pamoja 2024, Fajoles kama msaidizi, naye alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini na ushei. Kinanda kidogo cha kusindikiza kwaya, karibu na altare, kina mtu wake. Kuingia kanisani ni bure, na misa za Jumapili ndizo mahali pa kuwasikia.

Nianze kusikiliza kazi gani?

Kama unajua sekwensia ya Pasaka, ule wimbo unaotangulia Injili, anza na *Cinq Versets sur le Victimae paschali* ya 1991: aya tano juu ya wimbo ule ule wa Kilatini. Kwa kuwa unaujua wimbo, utaona anavyoufanya. Anauficha, anaukatakata, anautupia miguuni, kisha unachomoza.

Halafu *Évocation II* ya 1996. Isikilize kwa spika nzuri au vipokea sauti, si kwa simu mtupu, maana msingi wake uko chini. Kuna noti moja inayogongwa tena na tena, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka. Juu yake vinapita vipande vya sauti, vikali, vifupi, vya kukatizana. Noti ile haijali. Polepole unagundua kwamba umeacha kusikiliza vipande na unaisubiri hodi. Kisha wimbo mrefu, wa namna ya zaburi, unapanda katikati ya vurugu, na kila kitu kinapata maana. Ni dakika chache tu. Mara ya kwanza nilipoimaliza niliirudia palepale.

Ukitaka okestra, tafuta konserto ya kwanza ya kinanda, ya 1995. Imerekodiwa na Olivier Latry pamoja na okestra ya Liège, yaani mtu ambaye leo wanashika naye kinanda kimoja. *La Barque solaire* ya 2008, "Jahazi la jua", imetoka kwenye imani za Misri ya kale juu ya jua linalosafiri kwa chombo usiku. *Vertiges de la croix* ya 2004 ilizaliwa mbele ya picha ya Rubens ya Yesu kushushwa msalabani. Kwa wapenzi wa fidla na selo ipo *Miroir d'ombres*, aliyowaandikia ndugu wawili, Renaud na Gautier Capuçon.

Mbona muziki wake ni mgumu masikioni?

Ni mgumu mara ya kwanza, kweli. Sauti zake hugongana, na hakupi mapumziko unayoyatarajia. Lakini hana ugumu wa makusudi wa kumfukuza msikilizaji. Daima kuna kitu cha kushika: pigo linalorudi, au wimbo wa zamani uliofichwa. Ushauri wangu: usiwinde utamu, fuata pigo. Ukishalishika, masikio yatazoea rangi zilizobaki. Na usisikilize ukipika au ukiendesha gari. Mpe dakika kumi za peke yake.

Ametunga opera pia?

Ndiyo, na ya kwanza ndiyo ninayoirudia. *Claude* ilionyeshwa kwanza Opera ya Lyon Machi 2013. Chanzo chake ni hadithi ya Victor Hugo ya 1834 juu ya Claude Gueux, fukara aliyefungwa gereza la Clairvaux, akamuua mkuu wa karakana ya gereza aliyemtesa, naye akakatwa kichwa. Maneno ya opera yaliandikwa na Robert Badinter, na hapo ndipo uzito ulipo: Badinter ndiye waziri wa sheria aliyesimama bungeni mwaka 1981 na kuifuta adhabu ya kifo Ufaransa. Mtu aliyepigana vita hiyo mahakamani na bungeni akaipigana tena jukwaani, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, kwa muziki wa Escaich. Kwaya ya wafungwa mle ndani inaimba kama ukuta unaosogea. Oktoba 2025 Badinter aliingizwa kwa heshima Panthéon, alimo pia Hugo, hatua chache kutoka Saint-Étienne-du-Mont alikokuwa akipiga Escaich.

Baadaye zikaja *Point d'orgue* mwaka 2021, kwa maneno ya Olivier Py, na *Shirine* mwaka 2022, yenye kisa cha mapenzi cha Uajemi kilichosimuliwa upya na Atiq Rahimi, mwandishi mzaliwa wa Afghanistan.

Ni kweli anapigia filamu kinanda?

Ni kweli. Huketi chini ya filamu bubu za miaka ya 1920, kama *Metropolis*, akabuni muziki mwanzo hadi mwisho huku macho yakiwa kwenye skrini.

Yupo mtunzi Mfaransa wa kinanda aliyeishi Afrika Mashariki?

Yupo, Jean-Louis Florentz (1947–2004). Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifundisha chuo cha Kenyatta, Nairobi. Aliipenda Ethiopia na sala za Kanisa la Orthodoksi la huko, na kutokana nazo akaandika *Les Laudes*, masifu ya asubuhi kwa kinanda kikubwa. Ukiisikiliza utasikia Mfaransa ambaye Afrika haikuwa pambo kwake. Anastahili ukurasa wake mwenyewe.

Napiga kinanda parokiani. Naweza kuiga nini kwa Escaich?

Usianze na sauti zake za kugongana, utawatisha waamini bure. Anza na nidhamu yake. Chukua wimbo wa katikati wa Jumapili ijayo, toa noti nne au tano za mwanzo, funga kitabu. Zipige kwa mkono wa kulia tu. Zipige kwa besi. Zipunguzie mwendo mara mbili. Zigeuze, panapopanda pashuke. Weka noti moja ya chini isiyobadilika na uzipitishe juu yake. Fanya hivyo robo saa kila siku kwa juma zima, kila siku kwa namna moja zaidi. Jumapili padri akichelewa kwenye ubani, cheza zile noti tano tu, na usiongeze kitu kingine. Waliokwisha kuimba wimbo ule watazitambua bila kuambiwa.